Desturi za kila siku za kukua katika imani ya Kikristo mkoani Simiyu

Desturi za kila siku za imani ni matendo ambayo Mkristo huyarudia siku hadi siku ili imani aliyoipokea isibaki jina tu, bali ikue na kuongoza maisha yake. Zilizo za msingi katika karibu madhehebu yote ni sala, kusoma au kusikiliza Biblia, kushirikiana na waamini wengine, kujichunguza na kutubu, kutoa, na kuwatendea watu haki na huruma.

Makala hii inaeleza jinsi desturi hizo zinavyofuatwa katika mkoa wa Simiyu, kaskazini mwa Tanzania, hasa Bariadi na wilaya zinazouzunguka mji huo. Wakazi wengi wa mkoa ni Wasukuma wanaolima pamba na kufuga ng'ombe, hivyo ratiba ya sala na ya Neno la Mungu hufuata ratiba ya shamba na zizi. Faida ya desturi hizo haionekani kanisani peke yake. Huonekana zaidi mtoto anapougua usiku, jirani anaposhukiwa uchawi, au mkulima anaposimama mbele ya mizani ya pamba.

Mazingira na historia

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012 pamoja na mikoa ya Geita, Katavi na Njombe. Unaundwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na wakazi 2,140,497. Sehemu kubwa ilimegwa kutoka mkoa wa Shinyanga, na Busega ilitoka mkoa wa Mwanza. Wasukuma wa upande wa Bariadi hujulikana kama Wanyantuzu.

Ukristo ulifika mapema pwani ya Ziwa Viktoria. Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walifungua kituo huko Nassa, ambako leo ni wilaya ya Busega, mwaka 1888. Mwaka 1909 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na kutokana na kazi hiyo likakua Kanisa la Africa Inland Tanzania (AICT), ambalo lina waumini wengi Usukumani hadi leo.

Kwa upande wa Kanisa Katoliki, vikarieti ya kitume ya Maswa iliundwa mwaka 1950. Ikawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 1956 jina lake likabadilishwa kuwa Jimbo la Shinyanga. Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani walifanya kazi huko kwa muda mrefu. Waadventista Wasabato walianza kazi kusini-mashariki mwa ziwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye yakaenea pia Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na makanisa ya Kipentekoste, likiwemo EAGT lililoanzishwa mwaka 1991 na Askofu Moses Kulola, mwenyewe mzaliwa wa Usukuma.

Upatikanaji wa Biblia ulibadilisha sana ibada ya nyumbani. Biblia nzima ya Kiswahili inayoitwa Union Version ilitoka mwaka 1952, na Biblia nzima ya Kisukuma ilitoka mwaka 1960. Tangu hapo iliwezekana familia ya kijijini kusikia maandiko yote kwa lugha ya nyumbani, si kwa Kiswahili cha shuleni tu.

Msingi katika Biblia na mapokeo

Maandiko yenyewe yanataja uzoefu wa kila siku. Danieli alisali mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), na Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Wayahudi wa Beroya wanasifiwa kwa kuchunguza maandiko kila siku (Matendo 17:11). Yesu alizungumzia kujitwika msalaba kila siku (Luka 9:23), na katika sala aliyowafundisha wanafunzi wake mkate unaoombwa ni wa siku hiyo (Mathayo 6:11). Kanisa la kwanza la Yerusalemu linaelezwa kwa mambo manne: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na sala (Matendo 2:42).

Didake, maandishi ya Kikristo ya zamani sana, inawaagiza waamini kusali Baba Yetu mara tatu kwa siku na kufunga Jumatano na Ijumaa. Kwa hiyo desturi za kila siku hazikuletwa na vitabu vya ibada vya karne za mwisho. Ni za tangu mwanzo, wakati Wakristo wengi walikuwa watu wa kazi za mikono na wasiojua kusoma.

Sala

Kijijini siku ya kazi huanza kabla jua halijachomoza. Wakati wa kulima, maksai hufungwa plau alfajiri ili kazi ifanyike kabla ya joto, na wanawake huwa wameshaamka kuteka maji na kuwasha moto. Kwa sababu hiyo sala ya asubuhi katika familia nyingi ni fupi. Huwa na shukrani kwa kuamka, Baba Yetu, na ombi kwa ajili ya kazi ya siku hiyo na kwa jina la yeyote aliye mgonjwa. Sala ndefu huachwa hadi jioni.

Wakatoliki wana msaada wa sala ya Malaika wa Bwana, ambayo husaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Inaweza kusaliwa hata shambani, mtu ameegemea jembe lake. Rozari husaliwa zaidi jioni, hasa mwezi Mei na Oktoba. Matendo ya Furaha ni ya Jumatatu na Jumamosi, ya Uchungu Jumanne na Ijumaa, ya Utukufu Jumatano na Jumapili, na ya Mwanga, yaliyoongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, ni ya Alhamisi.

Waadventista huanza siku na somo fupi la kitabu kiitwacho Kesha la Asubuhi. Wapentekoste wengi hukutana kwa maombi ya alfajiri au mikesha, na humwomba Mungu kwa maneno yao wenyewe na kwa sauti. Waumini wa AICT na Walutheri huchanganya wimbo, somo na ombi.

Walimu wa imani hutofautisha sala na orodha ya maombi. Sala kamili ina sifa, toba, shukrani na kuwaombea wengine pamoja na haja za mwombaji. Mtu ambaye humkumbuka Mungu wakati wa ukame tu, akamsahau mvua ikinyesha, hajajifunza bado kusali.

Kusoma na kusikiliza Neno

Biblia katika mpangilio wa Kiprotestanti ina sura 1,189. Anayesoma sura tatu kila siku ya kazi na tano siku ya ibada anaimaliza ndani ya mwaka. Hata hivyo, mpango huo huwashinda wengi wanaoanza. Hufika kitabu cha Walawi wakachoka na kuacha kabisa. Ndiyo maana walimu wa madarasa ya ubatizo na makatekista mara nyingi huanza na mipango midogo:

– Injili nne zina sura 89, hivyo sura moja kwa siku huzimaliza kwa muda wa miezi mitatu.
– Agano Jipya lina sura 260, hivyo sura moja kwa siku tano za juma huzimaliza kwa mwaka mmoja.
– Mithali ina sura 31, moja kwa kila tarehe ya mwezi.
– Zaburi ni 150, hivyo tano kwa siku huzimaliza kwa siku 30.

Baada ya kusoma, maswali machache hutosha. Fungu hili linasema nini juu ya Mungu? Linasema nini juu ya mwanadamu? Kuna jambo gani la kufanya leo? Swali la tatu ndilo linalogeuza usomaji kuwa desturi ya imani, kwa kuwa Yakobo 1:22–25 inaonya dhidi ya kusikia bila kutenda.

Si kila mtu anasoma kwa urahisi. Wazee wengi hawakupata shule, na wengine wanajua kusoma lakini macho yamepungua nguvu na mwanga wa usiku ni hafifu. Kwao Neno hupokewa kwa masikio. Mjukuu aliye darasa la tano au la sita husomea bibi yake, na bibi humweleza maana. Wengine husikiliza Biblia iliyorekodiwa kwenye simu, au redio, kwa mfano Radio Maria Tanzania iliyoanza mwaka 1996. Kusikiliza si daraja la chini. Kwa karne nyingi, kabla vitabu havijaanza kuchapwa, ndivyo Wakristo walio wengi walivyolipokea Neno.

Nyimbo hufanya kazi hiyo hiyo. Tenzi za Rohoni, Nyimbo za Kristo za Waadventista na Mwimbieni Bwana cha Walutheri hufahamika kwa kichwa na watu ambao hawajawahi kuwa na nakala. Kwaya ni shule ya imani kwa vijana, kwani anayejifunza sauti hujifunza na maneno, naye huyabeba akichunga au akipalilia.

Ibada ya nyumbani

Katika kaya ya Kisukuma ya zamani wanaume na wavulana walikutana jioni kwenye moto uitwao shikome. Hapo wazee walisimulia habari za ukoo, walitega vitendawili na kuwafundisha vijana adabu. Kawaida hiyo imepungua, lakini saa yake ipo bado: muda kati ya ng'ombe kurudi zizini na watu kulala. Familia nyingi za Kikristo hufanya ibada yao saa hiyo, kabla au baada ya chakula cha jioni.

Ibada ya nyumbani inayodumu kwa kawaida ni ya dakika kumi hadi ishirini. Wimbo mmoja, fungu fupi la Biblia, maelezo ya maneno machache, kisha sala ambayo kila mmoja hutaja jambo lake. Watoto wakipewa zamu ya kuchagua wimbo au kusoma, hawasinzii upesi. Baba akihubiri kwa saa nzima, watoto huichukia ibada.

Jambo moja huharibu ibada hiyo kuliko urefu wake, nalo ni ugomvi usiosuluhishwa. Watoto wanaosikia wazazi wakitukanana mchana, kisha wakiimba pamoja jioni, hujifunza kwamba dini ni maneno. Kinyume chake, mzazi anayemwomba mtoto wake radhi mbele ya wote kabla ya sala amemfundisha toba kuliko mahubiri mengi.

Kwa wanafunzi walio shule za bweni ibada ya nyumbani haipo. Nafasi yake huchukuliwa na vyama vya wanafunzi kama UKWATA kwa Waprotestanti na TYCS kwa Wakatoliki, ambako vijana hujifunza kuongoza sala na kujadili Neno wakiwa mbali na wazazi.

Ushirika na waamini wengine

Imani haikui kwa mtu peke yake. Mikutano ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki (AMECEA) iliyofanyika miaka ya 1970 iliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji. Katika jumuiya hiyo familia za kitongoji kimoja hukutana kila juma, kwa zamu nyumbani kwa kila mwanajumuiya. Husoma Injili ya Jumapili inayofuata, hushirikishana walichosikia, husali na kupanga nani atembelewe. Madhehebu mengine yana vikundi vinavyofanana navyo, kama nyumba kwa nyumba, makundi ya maombi na idara za wanawake na vijana. Waadventista hujifunza Lesoni ya Shule ya Sabato kila siku na kuijadili pamoja Jumamosi.

Faida ya kikundi kidogo ni kwamba asiyefika huulizwa. Mtu akikosa kanisani kati ya mamia hakuna anayejua, lakini akikosa kwenye jumuiya ya familia kumi, jioni hiyo mtu hubisha hodi kwake.

Siku ya ibada ya juma ni kilele cha desturi za siku nyingine. Wakristo wengi huadhimisha Jumapili, na Waadventista huadhimisha Sabato tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Katika majira ya kupalilia, kuacha jembe kwa siku nzima si jambo dogo, kwa sababu magugu hayapumziki. Ndiyo sababu siku hiyo yenyewe ni mafunzo ya imani: mkulima anakubali kwamba mavuno hayatokani na mikono yake tu.

Kujichunguza na kutubu

Desturi hii ni fupi na husahaulika kuliko zote. Ignasi wa Loyola (1491–1556) aliwashauri wafuasi wake kuchunguza dhamiri mara mbili kwa siku, na Wakristo wa madhehebu mengi wana namna yao ya kufanya hivyo kabla ya kulala. Mtu hukumbuka siku ilivyokwenda tangu asubuhi, hushukuru kwa mema, hukiri makosa kwa Mungu bila kuyafunika, na huamua jambo moja la kurekebisha kesho. Wakatoliki huongeza sakramenti ya Kitubio.

Toba haiishii kitandani. Aliyemkosea mtu huenda kumwona, na aliyechukua cha mtu hurudisha. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Kesi nyingi za vijijini, kama ng'ombe walioingia shambani, mpaka uliosogezwa au deni lililokanushwa, zingeisha mapema kama desturi hii ingefuatwa kikamilifu.

Kufunga na kutoa

Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri huadhimisha Kwaresima ya siku 40 kabla ya Pasaka. Kwa Wakatoliki, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za lazima za kufunga kwa wenye umri na afya. Wapentekoste hupanga mifungo ya siku kadhaa, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee dhaifu na watu wanaotumia dawa za kila siku hawapaswi kufunga chakula bila ushauri wa mganga wa zahanati au daktari. Wanaweza kufunga jambo jingine.

Simiyu hupata miaka ya ukame, na katika miezi ya njaa zipo familia zinazokula mara moja kwa siku bila kupenda. Kwao mfungo wa chakula hauna maana ile ile. Isaya 58 inaeleza mfungo unaompendeza Mungu kuwa ni kumgawia mwenye njaa chakula, na hapo debe la mtama au michembe iliyopelekwa kwa jirani ni mfungo halisi.

Kutoa hufuata mavuno. Wengi hawana mshahara wa mwezi, hivyo sadaka hutolewa kwa mahindi, mtama, mpunga, kuku au fedha baada ya mauzo ya pamba. Baadhi ya makanisa hufundisha zaka, yaani sehemu ya kumi, na mengine husisitiza hiari ya mtoaji. Yote huchukua mfano wa mjane aliyetoa senti mbili (Marko 12:41–44), ambaye thamani ya alichotoa haikuhesabiwa kwa wingi wake.

Desturi hizi na majira ya kilimo

Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, hupaliliwa na kupuliziwa dawa miezi inayofuata, na huvunwa kuanzia Mei. Mara kwa mara muumini aliyeanza vizuri Agosti, wakati wa nafasi, huacha kila kitu Januari. Kosa huwa katika mpango. Alijiwekea saa nzima ya sala inayowezekana wakati wa kiangazi tu.

Mfano ulio karibu ni ngitili. Mfugaji wa Kisukuma hutenga sehemu ya malisho mvua zinaponyesha, akaizuia isilishwe, ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Asiyetenga mapema hana cha kuwapa. Muda wa Mungu hutengwa vivyo hivyo: mdogo, unaojulikana, na usioguswa na kazi nyingine hata siku za haraka. Dakika kumi zinazolindwa mwaka mzima hujenga kuliko saa moja inayodumu majuma matatu.

Mahali pa kupimia imani

Ugonjwa ni kipimo cha kwanza. Mtoto akishikwa na degedege usiku, wapo wanaoamini kwamba ugonjwa huo hautibiwi hospitalini, wakampeleka kwanza kwa mpiga ramli. Mara nyingi degedege hutokana na homa kali ya malaria, na kila saa inayopotea huongeza hatari ya kifo. Familia iliyozoea kusali pamoja haichagui kati ya sala na matibabu. Husali njiani kuelekea kituo cha afya. Makanisa mengi ya Usukumani yamejenga zahanati na hospitali kwa sababu hiyo hiyo, wakifuata mfano wa Yesu aliyefundisha na kuponya.

Kipimo cha pili ni tuhuma za uchawi. Kwa miongo kadhaa Usukuma umeshuhudia mauaji ya wanawake wazee walioshukiwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi yametokana na miaka mingi ya moshi wa kupikia. Watu wenye ualbino nao wameuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi.

Katika familia yenye msiba, hatua ya kwanza kuelekea uovu huo ni swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: nani amemroga? Mkristo ambaye kila jioni huwaombea jirani zake kwa majina hupata shida kulikubali swali hilo. Ni vigumu kumtuhumu bibi kizee uliyemwombea afya jana na kumpelekea maji leo. Kwa sababu hiyo kumtembelea mzee anayeishi peke yake, hasa mjane, ni desturi ya imani inayoweza kuokoa maisha. Jirani wanaoonekana mlangoni kwake humfanya asibaki mgeni wa kuogopwa.

Kipimo cha tatu ni mizani. Pamba huuzwa kwa kilo kupitia vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS. Wapo wakulima wanaotia maji au mchanga ili kuongeza uzito, na wapo wanunuzi wanaochezea mizani. Mithali 11:1 inaiita mizani ya udanganyifu chukizo mbele za Mungu. Fedha za mauzo nazo ni mtihani, kwa kuwa mume anaweza kuzimaliza kwa pombe ilhali mke na watoto ndio waliopalilia na kuvuna. Kukaa mume na mke pamoja, wakahesabu fedha mezani, wakatenga ada ya shule, chakula, mbegu na sadaka, kisha wakashukuru, ni ibada pia.

Masuala yanayojadiliwa

Wakristo wa mkoa huu hawakubaliani katika kila jambo. Wengine hukataa ngoma zote za jadi na mashindano ya Bagika na Bagalu kwa sababu ya dawa zinazohusishwa nayo. Wengine, wakiwemo Wakatoliki waliofuata kazi ya Padre David Clement huko Bujora karibu na Mwanza, wamechukua midundo na michezo ya Kisukuma na kuitumia katika ibada. Heshima kwa wahenga nayo hutazamwa tofauti. Kuwakumbuka marehemu na kuwaombea ni sehemu ya imani ya Kikatoliki, lakini Waprotestanti hawawaombei wafu. Wote wanakubaliana kukataa matambiko ya kuwatuliza mizimu.

Lipo pia suala la kuzifanya desturi zenyewe kuwa kipimo cha utakatifu. Yesu aliwakosoa waliosali ili waonekane na watu (Mathayo 6:5). Idadi ya sura zilizosomwa au siku zilizofungwa haithibitishi ukuaji. Wagalatia 5:22–23 inataja matunda kama upendo, furaha, amani, uvumilivu na kiasi, na hayo hutambuliwa na wale wanaoishi na mtu huyo.

Kuanza upya

Karibu kila muumini huacha desturi zake wakati fulani kwa sababu ya uchovu, msiba, safari au aibu ya kosa. Viongozi wenye uzoefu hawamshauri aliyeacha kulipa siku zilizopita kwa kusoma sura kumi kwa mkupuo. Humshauri aanze siku hiyo hiyo na kidogo: Baba Yetu asubuhi, fungu moja la Injili jioni, na kuhudhuria jumuiya juma hilo. Mkulima ambaye mbegu zake hazikuota kwa kukosa mvua hupanda tena mvua inaporudi, wala haachi kuwa mkulima. Kazi ya jumuiya ni kumfuata nyumbani kabla hajazoea kukaa nje, na kumpokea bila kumhesabia siku alizokosa.